Logini haijarekebishwa, mmefungua mlango tu

Kuna ugonjwa mmoja umetushika sisi watengeneza programu wa Java hapa Nairobi, na leo nitausema bila kuupaka mafuta. Mteja akilalamika kwamba logini inasumbua, tunafuta sheria ya ulinzi, mteja anaingia, tunalipwa, tunaondoka. Kwenye risiti tunaandika: logini imerekebishwa. Haijarekebishwa! Mmefungua mlango tu, mkaacha kufuli likining'inia ili lionekane.

Mfano ninao. Kikundi kimoja cha wakazi wa Mukuru kwa Reuben kiliniomba niangalie mfumo wao wa kuandikisha kaya: jina la mpangaji, simu, namba ya chumba, kodi anayolipa, majina ya watoto. Fundi aliyewajengea alikuwa ameshawapa dawa ya logini. Nikafungua faili la web.xml. Sheria zote za security-constraint zilikuwa zimezimwa, isipokuwa moja tu, ya ukurasa wa mwanzo. Fomu ya nywila ilikuwepo, tena imepambwa. Lakini ukibandika anwani ya orodha ya kaya moja kwa moja kwenye brauza, orodha nzima inakuja. Bila jina, bila nywila, bila hodi.

Kinachoniudhi ni kwamba dalili zilizomshinda fundi yule ni za zamani na zinajulikana. Logini ya fomu ipo tangu Servlet 2.2 ya mwaka 1999. Fomu inatuma j_username na j_password kwenda j_security_check, na kazi iliyobaki ni ya seva. Mtu akiomba ukurasa uliofungwa, seva inalihifadhi ombi lake, inamwonyesha fomu, na akifaulu inamrudisha kwenye ombi lile lile. Elewa jambo hilo moja na nusu ya maumivu yamekwisha.

Tuzichukue dalili moja moja.

Ya kwanza: mtumiaji anaweka nywila sahihi, halafu badala ya ukurasa wake anaona maandishi ya CSS, au kipicha kidogo cha favicon. Wengi husema "Tomcat imechanganyikiwa". Haijachanganyikiwa. Umefunga kila kitu, pamoja na faili ambazo ukurasa wa logini wenyewe unazihitaji. Brauza ilipoziomba, ombi hilo likahifadhiwa juu ya lile la kwanza, na seva imemrudisha mtu pale pale ilipoambiwa. Dawa ni kuweka CSS na picha kwenye folda yake na kuiandikia folda hiyo, pamoja na favicon, sheria isiyo na auth-constraint. Anwani mahususi zaidi ndiyo inayoshinda.

Ila hapo kuwa macho. Sheria isiyo na auth-constraint kabisa inamruhusu kila mtu. Sheria yenye auth-constraint tupu haimruhusu yeyote. Tofauti ni mstari mmoja, na maana zake ni kama usiku na mchana.

Ya pili: hitilafu 400 au 408. Mtu ameuweka ukurasa wa logini kwenye alamisho na anaufungua moja kwa moja. Seva haina ombi lolote iliyolihifadhi, kwa hiyo haijui impeleke wapi. Au ameiacha fomu wazi, akaenda kuteka maji, sesheni ikafa, akarudi kubofya. Mwambie aweke alamisho kwenye ukurasa wa ndani, sio kwenye fomu. Ni maneno tu, hata msimbo hauguswi.

Ya tatu: 403. Hii haina maana kwamba nywila ni mbaya. Seva imemtambua mtu, ila hana wadhifa unaotakiwa. Mara nyingi web.xml inasema "karani" na hifadhidata inasema "Karani". Rekebisha herufi! Usiweke nyota kwenye role-name ili wote wapite. Nyota moja ni kila wadhifa uliotajwa kwenye programu, na nyota mbili, tangu Servlet 3.1 ya 2013, ni yeyote aliyeingia. Mtu wa kujitolea wa wiki moja anapata uwezo ule ule wa mweka hazina.

Na kuna wale wanaojiona wajanja kwa sababu sheria wameziacha. Fungua faili lako uangalie kama umeandika hivi:

<http-method>GET</http-method>
<http-method>POST</http-method>

Unadhani umeongeza ulinzi. Umeupunguza. Ukitaja njia mbili, sheria inazihusu hizo mbili tu. HEAD, PUT na DELETE ziko nje ya uzio. Mnafikiri natisha watoto? Kosa hili hili lilikuwa ndani ya JBoss: konsoli yake ya usimamizi ilifungwa kwa GET na POST pekee, na HEAD ikapita. Lilipewa namba CVE-2010-0738, rekebisho likatoka 2010, na mwaka 2011 kirusi kikaenea kwenye seva ambazo wenyewe hawakujali. Ondoa mistari hiyo miwili na sheria itazihusu njia zote. Kuanzia Servlet 3.1 unaweza pia kuweka deny-uncovered-http-methods.

Sasa nifike kwenye jibu nililopewa, lile lililonifanya niandike haya: "Kwani nani atahangaika kudukua watu wa Kwa Reuben?"

Ndugu yangu, adui wa orodha hii hakai Urusi. Ni dalali anayetaka kujua nani amechelewesha kodi. Ni mume anayemtafuta mke aliyemkimbia. Ni mtu yeyote atakayekaa kwenye kompyuta ya saiba baada ya karani wenu na kukuta anwani kwenye historia ya brauza. Hahitaji kudukua, anahitaji kubofya. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, na tangu hapo swali la nani anaishi wapi ni swali la ardhi. Mwishoni mwa 2021, jirani zetu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kwa maelfu. Mahali kama hapa, orodha ya wapangaji si karatasi ya kufungia maandazi.

Sheria nayo haina kifungu cha "mtaa wa mabanda usihangaike". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya mali na ya familia, majina ya watoto yakiwemo, kuwa data nyeti, na inataka ulinzi ujengwe tangu mfumo unapobuniwa.

Najua mtasema mteja hana pesa na anataka kazi iende. Sawa. Nioneshe kati ya dawa nilizotaja ipi ni ghali kuliko kuzima sheria. Funga /* yote kwanza, kisha fungua kinachohitajika, kimoja kimoja. Tunayoyafanya sasa ni kinyume: tunafungua yote, halafu tunafunga kile mteja anachokiona. Hatungethubutu kuifanyia benki ya Upper Hill kazi hiyo. Tunaifanyia Kwa Reuben kwa sababu tunajua hakuna atakayekagua.

Basi nawaambia wenye vikundi namna ya kukagua. Kabla hujamlipa fundi, mwambie anakili anwani ya ukurasa wenye majina ya watu. Afungue dirisha la faragha la brauza, aibandike, abonyeze Enter. Ikija fomu ya nywila, endeleeni kuongea, mkague na kurasa nyingine. Yakija majina, msimpe hata nauli.