Fizika ya watoto wetu iko kwenye shimo

Ndugu wachimbaji wa Butembo na Beni, watoto wetu wanajiandaa kwa mtihani wa kuingia politekniki wakikariri kanuni tu. Lakini mtihani unauliza hesabu.

Mpe mtoto hii: motopompe iko juu, maji iko chini mita 15. Itavuta? Hapana. Uzito wa hewa ndio unasukuma maji, na haupitishe mita 10, hata moteri iwe kubwa namna gani. Wenye hawajue hiyo wanashusha moteri ndani ya shimo. Moshi yake inaua watu.

Basi, kila jioni hesabu moja, kwa kalamu, kisha mtoto akueleze. Ukielewa wewe, naye ameelewa. Minervali peke yake haifungue mlango.