Theluthi Moja ya Thuringia

Tumewasikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba katika Jimbo la Thuringia, Ujerumani, mshindi wa uchaguzi alinyimwa haki yake. Siku ya 1 Septemba 2024 chama cha AfD kilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, na bado kikaachwa nje ya serikali. Je, wauliza, hiyo ndiyo demokrasi? Swali hilo halifai kubezwa, maana aulizaye amezoea uchaguzi ambao anayetangulia hutwaa vyote.

Thuringia hawahesabu hivyo. Kila mpiga kura ana kura mbili: moja humchagua mtu wa wilaya yake, na ya pili huchagua orodha ya chama. Hiyo ya pili ndiyo igawayo viti vya Bunge la Jimbo mjini Erfurt, kila chama kwa kadiri ya kura zake. Kwa hiyo Björn Höcke, kiongozi wa AfD katika jimbo hilo, alipobwagwa katika wilaya ya Greiz, aliingia Bungeni kwa mlango wa orodha, wala sheria haikuvunjwa.

Tuzitazame hesabu. Katika kila kura 100, AfD ilipata 32.8, CDU 23.6, BSW 15.8, Die Linke 13.1 na SPD 6.1. Katika viti 88, vyama hivyo vilipata 32, 23, 15, 12 na 6. Mwenye viti 32 hakupewa jimbo. Alipewa viti 32. Angetawala kwa viti vya nani? Vyama vingine vilikwisha kusema kabla ya uchaguzi kwamba havitashirikiana naye, na waliovipigia kura walilijua hilo. Sisi hatuoni dhuluma hapo.

Wala ukaidi huo haukuzuka bure. Mwezi Januari 1930, katika jimbo hilo hilo, chama cha Hitler kilikuwa na viti 6 tu katika 53. Vyama vilivyodhani vitakitumia vikakipa uwaziri, na Wilhelm Frick akashika Mambo ya Ndani na Elimu. Huyo alikuwa Mnazi wa kwanza kuwa waziri katika jimbo lolote la Ujerumani.

Linalotushughulisha sisi ni jambo jingine, ambalo wengi wamelipita. Katika Bunge la Thuringia mambo makubwa hutaka theluthi mbili: kubadili katiba, kuchagua majaji wa Mahakama ya Katiba, na kuchagua wajumbe wa kamati inayohusika na uteuzi wa majaji wengine. Mwenye viti 30 aweza kuyazuia yote. AfD haikupata theluthi moja ya kura, lakini ilipata zaidi ya theluthi moja ya viti. Imekuwaje?

Jibu ni kizingiti. Chama kisichofikia kura 5 katika kila 100 hakipati kiti cha orodha hata kimoja. Kura 8.6 katika kila 100 zilianguka chini ya kizingiti hicho, zikiwamo za Grüne na FDP, na viti ambavyo zingeleta vikagawanywa kwa waliovuka. Kama kura zote zingehesabiwa bila kizingiti, AfD ingestahili viti 29, pungufu kwa kimoja tu. Wajerumani walijenga ukuta huo baada ya vita ili mabunge yao yasivunjike vipande vipande kama yalivyovunjika zamani. Safari hii ukuta ulimkabidhi ufunguo yule yule waliyemwogopa.

Na asidhani mtu kwamba kura chache hazina uzito. Mwaka 2019, FDP ilivuka kizingiti hicho kwa kura 73 tu. Karakana moja yaweza kuwa na wafanyakazi wengi kuliko hao. Kwa ajili ya hizo 73 ilipata viti 5, na tarehe 5 Februari 2020 mtu wake, Thomas Kemmerich, akachaguliwa Waziri Mkuu wa Jimbo kwa kura 45 dhidi ya 44, AfD ikimwunga mkono. Nchi nzima ilipiga kelele, naye siku ya pili akatangaza kuondoka.

CDU, BSW na SPD ziliungana mwaka 2024 zikapata viti 44, nusu barabara ya Bunge. Hata hivyo, tarehe 12 Desemba Mario Voigt wa CDU alichaguliwa kwa kura 51. Saba angalau zilitoka nje ya muungano wake, na kura ilikuwa ya siri. Chama cha Voigt kilikuwa kimepitisha azimio mwaka 2018 la kutoshirikiana na AfD wala Die Linke. Lakini kwa viti 44 dhidi ya 44 hakuna bajeti inayopita bila kupiga hodi kwa mmoja wao. Alipiga hodi kwa Die Linke. Mfanyakazi wa Erfurt aliyeipa CDU kura yake mwezi Septemba hakuombwa ridhaa kwa mapatano hayo, wala yule aliyeipa Die Linke.