Figo zilizochoka nazo zina haki yake



Ndugu msomaji, tumezoea kuhimizana kuzikinga figo: kudhibiti kisukari na shinikizo la damu, na kuacha kumeza dawa za maumivu ovyo. Leo tuwaangalie wale ambao figo zao zimekwisha kushindwa kazi, nao wanaishi kwa kuchujwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi.

Kwa kawaida mgonjwa huyu huunganishwa na mashine mara 3 kwa wiki, kila mara kwa saa kama 4. Kwa mwaka ni safari zipatazo 156. Aliyeko kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, anahesabu nauli, mtu wa kumsindikiza na siku za kazi zinazopotea. Haishangazi basi kwamba nyumba nzima huiwaza mashine tu, na figo zenyewe zikasahauliwa. Watu husema, "Si zimeshakufa? Zina habari gani tena?"

Kwa maoni yetu, fikra hii ni ya hatari. Figo iliyoshindwa kazi haitolewi mwilini ila kwa sababu maalumu. Hubaki mahali pake, husinyaa, na kadiri miaka inavyopita huota vifuko vidogo vya maji. Kwa waliotimiza miaka 8 hadi 10 kwenye mashine, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 huwa navyo. Alhamdulillah, vilivyo vingi havileti madhara. Lakini baadhi hupasuka na kuvuja damu, vingine huingiwa na vijidudu, na kwa watu wachache saratani huanzia humo.

Ieleweke kwamba si mashine inayovileta. Vifuko hivi huweza kuanza hata kabla ya mgonjwa kufika kwenye mashine, kwa sababu ya maradhi yenyewe. Asitokee mtu akaacha dayalisisi kwa kuogopa haya, maana kuiacha ni kuhatarisha maisha.

Dalili za kuangalia ni damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni, na homa isiyojulikana chanzo. Wengi wetu tukisikia damu kwenye mkojo tunakimbilia kusema ni kichocho. Kichocho kipo, lakini kwa mgonjwa wa dayalisisi tusikisie. Amweleze daktari kabla ya kuunganishwa na mashine, kwa kuwa wakati wa kuchuja hutiwa dawa ya kuzuia damu isigande, nayo yaweza kuzidisha kuvuja. Wala asijitulize maumivu kwa diklofenaki ya dukani au mizizi ya kuchemsha. Hizo zaweza kumalizia hata ule mkojo kidogo aliobakiwa nao.

Kipimo cha kuanzia ni altrasaundi, ambacho hakina maumivu. Wataalamu hawajaafikiana kwamba kila mgonjwa apimwe kila mwaka. Ushauri wetu ni kwamba aliyepita miaka 3 kwenye mashine amuulize daktari wake, asingoje dalili. Hata aliyepandikizwa figo mpya, huduma iliyoanza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, mara nyingi figo zake za zamani huachwa ndani. Naye aulize.

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilipofika Tabora ilipumzika, lakini Ujiji ilikuwa bado mbele. Dayalisisi nayo ni kituo, safari ya matibabu inaendelea. Waumini wanaomchangia mgonjwa nauli wanafanya jambo jema. Wakiweza, waongeze fedha ya kipimo, na wamuulize: figo zako zimeangaliwa lini?

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Haki hiyo haiondoki kwa sababu kiungo kimechoka.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.