KIJIWENI: Ile penalti ya mwisho aliipiga nani?

Wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya ile mada ya shemeji aliyekuja kusalimia akahamia jumla, nivumilieni mpaka wiki ijayo. Leo nina deni la mpira. Nimelipata hadharani, mbele ya washkaji, tena mimi ambaye hapa Mchukwi kila mtu ananiita "mwandishi". Aibu niliyoipata siku ile, we acha tu.

Kijiwe chetu kiko kwenye banda la fundi baiskeli. Bodaboda wanapaki hapo, wauza korosho na machungwa wanapumzikia hapo, na jioni ndipo mechi zote za Simba na Yanga zinapochezwa upya kwa mdomo. Jioni hiyo mada ilikuwa moja: nani mkali kuliko wote waliowahi kuvaa jezi nyekundu ya Msimbazi? Mmoja akasema Okwi. Mwingine Chama. Dogo mmoja wa bodaboda akaapa kwa mama yake kwamba baada ya Luis Miquissone wengine wote ni wasindikizaji. Mimi kwa kujifanya nina kisomo nikarudi nyuma kidogo, nikasema Juma Kaseja. Nikawapa ya Cairo mwaka 2003, jinsi kipa yule alivyowatoa jasho Zamalek kwenye penalti, mbele ya watu wao, wakiwa ndio mabingwa wa Afrika. Kijiwe kikanipigia makofi. Nikavimba.

Fundi alikuwa kainamia tairi ya mtu, tangu alasiri hajatia neno. Ni mzee wa sitini na ushee, wa maneno machache. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Mjukuu wangu, kipa kazi yake kudaka. Ile ya kwetu ya mwisho, iliyofunga hesabu, aliipiga nani?"

Kimya. Nikamtazama dogo wa bodaboda, naye akatazama pikipiki yake kama ndiyo anaiona leo. Nikasema, "Babu, nadhani ni..." Nikaishia hapo hapo. Makofi yangu yote yakayeyuka.

"Christopher Alex," akasema fundi. "Christopher Alex Massawe. Haya, nenda kaninunulie soda, mwandishi."

Nikanunua. Na usiku nikakaa kuitafuta habari yenyewe, maana usingizi haukuja.

Iko hivi. Mwaka 2003 Simba ilikuwa chini ya kocha Mkenya, James Siang'a. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika wakapangiwa Zamalek, waliokuwa wamelibeba kombe hilo mwaka 2002. Dar es Salaam, kwenye uwanja ule wa zamani tunaouita Shamba la Bibi, Simba ikashinda 1-0, bao la Emmanuel Gabriel. Marudiano Cairo, Zamalek nao 1-0. Ngoma droo, zikaja penalti. Simba 3, Zamalek 2. Bingwa mtetezi akavuliwa kombe nyumbani kwake, na Mnyama akaingia hatua ya makundi na kina Enyimba, ASEC Mimosas na Ismaily.

Sasa msomaji wangu, hebu vaa viatu vya yule aliyepiga ya mwisho. Kipa wako kesha fanya yake na jina lake limeshaandikwa. Wewe ni kiungo. Kazi yako kila wiki ni kukata umeme wa watu, kunyang'anya, kutoa pasi fupi na kurudi nyuma tena. Unatoka katikati ya uwanja peke yako, miguu imechoka, uwanja mzima unakuzomea kwa Kiarabu. Ukikosa, utaitwa mkosaji mpaka unaingia kaburini, na kila mtoto Tanzania atalijua jina lako. Ukipata, watu wanapita mbio pembeni yako kwenda kumbeba kipa.

Christopher Alex alipata.

Alifariki dunia Dodoma mwaka 2013, baada ya kuugua. Miaka 10 tu imepita tangu ile ya Cairo. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nikaiweka simu chini. Mimi nimeisimulia mechi ile labda mara hamsini, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye basi la Mbagala, na mara zote hamsini huyu mtu hakuwemo ndani yake. Nilikuwa nasimulia mkwaju ambao umejipiga wenyewe.

Nisieleweke vibaya, simwondolei Kaseja hata chembe. Bila mikono yake hakuna cha Massawe wala cha nani. Lakini na kinyume chake ni kweli vile vile, na hicho kinyume ndicho tulichokidondosha njiani.

Kesho yake nikarudi kwa fundi, na soda nyingine mkononi, hii ya hiari. Akacheka. Akaniambia mwaka 2003 anaukumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni daraja la Mto Rufiji kufunguliwa, tukaachana na kulala foleni ya pantoni pale Ndundu. La pili ni penalti ya Alex. "Daraja likapewa jina la Mkapa," akasema. "Na ule uwanja mkubwa wa Dar nao mwaka 2020 wakaupa la Mkapa. Sawa kabisa, mzee alistahili. Sasa na hii penalti yetu tuipe jina la nani?"

Nikaona leo mzee kafunguka, nikavuta kigoda. Akanipa ya pili, na hii ndiyo iliyonimaliza.

Mwaka 1979 yeye alikuwa kijana mdogo. Simba ikacheza na Mufulira Wanderers ya Zambia kwenye Klabu Bingwa Afrika. Dar es Salaam ikapigwa 4-0. Nyumbani! Watu wa Simba hawakutoka ndani, na watu wa Yanga hawakuingia ndani. Timu ikasafiri kwenda Zambia, wengi wakijua inakwenda kukamilisha ratiba tu. Matokeo yalipokuja redioni, fundi anasema baba yake alidhani mtangazaji kachanganya karatasi: Simba 5, Mufulira 0. Kule kule kwao!

Hiyo stori mimi naijua. Wewe unaijua. Kila Mnyama aliyenyonya anaijua, tunaisema kwa mkupuo, "tulipigwa nne tukarudisha tano", kama vile mabao yale yalinyesha na mvua. Haya, nani alifunga? Matatu alifunga mtu mmoja, Thuwein Ally. Mawili George Kulagwa.

Hebu tulia hapo. Mabao matatu ugenini, timu ikiwa nyuma kwa manne. Kibadeni naye ana matatu yake, yale ya Julai 1977 tulipowalaza Yanga 6-0, na mpaka kesho anaitwa King, na ni haki yake. (Siku hiyo Jumanne Hassan Masimenti alifunga mawili, naye ni wachache wanaomtaja, lakini tusitoke nje ya barabara.) Thuwein aliyafunga ya kwake mbali, hakuna aliyeyaona hapa kwetu, tukabaki na hesabu bila mtu.

Na hakuishia hapo. Mwaka 1980 Taifa Stars ikaenda Nigeria, fainali za Mataifa ya Afrika. Ukiuliza vijana safari ile ilikuwaje, utaambiwa Peter Tino. Ni kweli, Tino ndiye aliyesawazisha Ndola mwaka 1979 na kutupa tiketi. Je, tulipofika Nigeria? Tulicheza mechi 3 tukafunga mabao 3. Moja la Juma Mkambi, tulipofungwa 3-1 na wenyeji. Mawili yaliyobaki ni ya Thuwein: moja tulipofungwa 2-1 na Misri, moja kwenye sare ya 1-1 na Ivory Coast. Halafu nchi nzima ikakaa miaka 39 bila kurudi kwenye fainali hizo. Mpaka Simon Msuva alipowafunga Kenya mwaka 2019, Watanzania waliokuwa na bao la fainali za Afrika walikuwa wawili tu. Wawili! Niliwauliza vijana saba wa kijiwe chetu, Simba watano, Yanga wawili. Mmoja alinijibu Samatta. Dogo wa bodaboda alisema Mrisho Ngassa. Thuwein hakupata hata kura moja.

Nikadhani mambo haya ni ya enzi za redio, kwamba sisi wa leo tuna picha, tuna simu, hatusahau mtu. Fundi akanitazama kwa jicho moja.

"Wewe si ulikwenda uwanjani ile siku ya Vita?"

Nilikwenda, bwana! Machi 2019, mimi ndio kwanza nimemaliza shule, hela ya vibarua vya korosho mfukoni, nikapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu na kutoka hapo nikabanana na Wanyama wenzangu mpaka kwa Mkapa. AS Vita walikuwa wametupiga 5-0 kwao Kinshasa mwezi Januari. Siku hiyo ilikuwa lazima tushinde tuingie robo fainali. Dakika ya 90 Clatous Chama akaweka la pili, 2-1, nikamkumbatia mtu mzima nisiyemjua, tukalia wote. Niliporudi Mchukwi nilihadithia wiki mbili, sauti haipo.

"Vita ndio walitangulia kufunga," akasema fundi. "La kwanza la kwetu, la kusawazisha, alifunga nani?"

Jamani. Nilikuwepo! Kwa macho yangu haya mawili! Nikatafuta kichwani, nikaona Chama, nikaona Chama tena. Ilibidi nitoe simu. Mohamed Hussein, Tshabalala. Beki wa kushoto, ndiye aliyeturudisha mchezoni kipindi cha kwanza kile tulipokuwa tumeanza kuangaliana. Mtu aliyeichezea Simba miaka 11, kuanzia 2014 mpaka 2025, akavaa na kitambaa cha unahodha. Tena mwenzangu, hata jina la utani tulimpa la mtu mwingine, la yule Msauzi aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia 2010! Mwaka 2025 akahamia Jangwani, na hapo ghafla kijiwe kizima kikagundua kwamba yupo. Matusi aliyopata kwa wiki moja yalizidi sifa alizopata kwa miaka 11. Nami sikuwa nyuma, nilichangia yangu mawili matatu. Nikikumbuka ile siku ya Vita, najiona mjinga.

Kwa nini tuko hivi? Fundi anasema mpira wetu unahifadhiwa na majina ya utani. King Kibadeni. Sunday Manara Computer. Zamoyoni Mogella Golden Boy. Ukipewa jina zuri na mtaa ukalipenda, hufi. Wengine ni wapiga kazi tu, na mpiga kazi hatungiwi jina. Mimi naongeza la kwangu: tunapenda stori yenye mtu mmoja. Shujaa mmoja ni rahisi kumbeba mabegani. Wawili wanalemea.

Najua msomaji mwingine atasema, "Mwandishi, aliyekufa kafa, jina litamsaidia nini?" Sawa. Lakini Massawe aliishi miaka 10 baada ya Cairo. Katika miaka hiyo sisi wa vijiweni tulikuwa tunaisimulia penalti yake kila siku, bila yeye.

Jumamosi iliyopita nilichukua jezi yangu nyekundu, ile ya zamani iliyopauka, nikaenda nayo Kibiti mjini kwa kijana mmoja anayeandika majina ya wachezaji mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu, wote wanataka majina ya msimu huu. Zamu yangu ilipofika nikamwandikia jina kwenye karatasi asije akakosea: C. ALEX.

Akalisoma. Akalisoma tena. Kisha akanisogelea, sauti ya chini kama mtu anayetaka siri ya usajili:

"Bro, huyu ni mgeni mpya? Katokea wapi?"

Nikavuta kigoda.