Ithibati ya Mwajiri Isigawanywe Kama Njugu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya sokoni, ambako mnunuzi huliona embe, akalibonyeza na kulinusa kabla ya kutoa pesa. Je, kijana aliye Kakamega ataibonyezaje kampuni iliyo Auckland? Ndiyo sababu baadhi ya mataifa yanayoajiri wafanyakazi kutoka ng'ambo yameanzisha utaratibu wa kuwapa waajiri ithibati. Serikali humkagua mwajiri kwanza, na ikisharidhika humpa idhini ya kuwadhamini wageni. Muhuri huo huwa badala ya jicho la yule asiyeweza kuona.

Nyuzilandi ni mfano mwafaka. Chini ya utaratibu ulioanza mwaka wa 2022, mwajiri anayetaka kuleta mfanyakazi kwa viza ya aina hii hana budi kuvuka hatua tatu: kwanza apate ithibati yeye mwenyewe, pili nafasi ya kazi ikaguliwe pamoja na mshahara na masharti yake, tatu mfanyakazi aombe viza.

Manufaa kwa mwajiri ni bayana. Akishapata ithibati, hachunguzwi upya kila anapotaka kumwajiri mgeni mmoja zaidi, hivyo huweza kupanga shughuli zake mapema. Fauka ya hayo, zipo kazi katika Orodha ya Kijani ya nchi hiyo, ualimu ukiwa miongoni mwazo, ambazo humwezesha mgeni aliyepata kazi kwa mwajiri mwenye ithibati kuomba ukaazi wa kudumu. Mwajiri wa namna hiyo huwavutia watu wenye ujuzi na huweza kukaa nao. Hali kadhalika, jina lake huwekwa katika orodha ya serikali ambayo yeyote aweza kuisoma.

Hata hivyo, manufaa yote hayo yamesimama juu ya nguzo moja, nayo ni imani. Neno ithibati lina asili moja na thabiti na thibitisha. Ithibati isiyothibitisha chochote ni wino mtupu.

Nyuzilandi ililijua hilo kwa uchungu. Mipaka yake ilikuwa imefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ilipofunguliwa biashara zililia kwamba hazina wafanyakazi. Maofisa wa uhamiaji wakaharakisha mambo, na ukaguzi ukalegezwa. Mnamo Agosti 2023 ikafichuka kwamba zaidi ya wageni 100 kutoka India na Bangladeshi walikuwa wamesongamana katika nyumba sita jijini Auckland. Wengi wao walikuwa wametoa pesa nyingi kwa ajili ya kazi ambazo hawakuzikuta. Uchunguzi rasmi uliochapishwa Februari 2024 ulieleza kwamba mamlaka zilikimbilia kasi bila ya kupima hatari vya kutosha. Mwezi wa Aprili mwaka huo masharti yakakazwa.

Wapo watakaodai kwamba ukaguzi mkali huzikwamisha biashara. Naona kinyume chake. Ithibati inapogawanywa kama njugu, anayeumia wa kwanza ni mfanyakazi, na wa pili ni mwajiri mwaminifu. Yeye hulipa mshahara wa haki ilhali mshindani wake, mwenye muhuri ule ule, hupata faida kwa kuwanyonya wageni. Muhuri unaopatikana na kila mtu haumtofautishi yeyote. Basi ugumu wa kuupata ndio unaoupa thamani, kama vile shahada tunazozitoa vyuoni: tukimpa kila aliyejiandikisha, tutakuwa tumemwibia aliyekesha akisoma.

Jambo hili latuhusu sisi walimu na wanafunzi. Wengi wa wahitimu wetu, wakiwemo walimu waliosubiri ajira miaka na mikaka, wameelekeza macho yao ng'ambo. Siwalaumu hata kidogo. Ninalowasihi ni kwamba kabla ya kuuza shamba la mzee ili kupata nauli, waulize maswali matatu. Je, mwajiri huyu yumo katika orodha ya serikali ya nchi yake hivi leo, na si mwaka jana? Je, wakala aliye hapa nchini amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Na je, ni nani anayelipa gharama za kutafutiwa kazi? Anayekutaka uinunue kazi amekwisha kujitambulisha.

Maswali haya yafaa kufunzwa darasani, kwani kusoma mkataba ni sehemu ya kusoma. Nazo serikali, ya kwao na ya kwetu, zikumbuke kwamba anayepiga muhuri huwa amejitia katika dhamana. Mdhamini, kwa Kiswahili chetu, ni mtu anayeubeba mzigo mambo yanapoharibika.