Mzuie upepo, bibi asikie sauti ya mjukuu

Wazazi wengi siku hizi huwarekodi watoto wakiimba au wakisoma mashairi, kisha huwatumia video babu na bibi walio mbali. Ikiwa imerekodiwa nje penye upepo, mzee huona midomo ikicheza tu. Maneno yamemezwa na mngurumo.

Kwa kijana hilo ni kero ndogo. Kwa mzee ni zaidi ya kero. Uwezo wa kusikia hupungua kadiri umri unavyosonga, na mara nyingi sauti nyembamba kama "s", "f" na "t" hutangulia kupotea. Anaweza kumwelewa vizuri mtu anayezungumza naye sebuleni, lakini penye kelele akashindwa kutofautisha maneno. Kuongeza sauti ya simu hakusaidii sana, maana kelele nayo huongezeka. Wengine huona aibu kuuliza tena, wanaitikia tu.

Mngurumo huo hutokea hewa inapogonga kiwambo chembamba kilichomo ndani ya maikrofoni. Zipo programu za kuupunguza, lakini neno likishafunikwa kabisa si rahisi kulirudisha. Ni bora kuuzuia upepo kabla ya kurekodi.

Kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, tafuta sponji laini mpya na kipande cha manyoya bandia, kwa mfano kutoka kofia au koti la mtumba. Kisha fanya hivi:

1. Kata sponji yenye urefu wa sentimita 3 na upana wa sentimita 2, uiviringe kingo kwa mkasi.

2. Itoboe tundu katikati bila kutokea upande wa pili. Ingiza maikrofoni humo.

3. Kata manyoya sentimita 10 kwa 5. Tumia wembe upande wa nyuma ili ukate kitambaa tu, usipunguze manyoya.

4. Kunja kipande katikati, manyoya yakiwa ndani, ushone pande mbili. Kigeuze kiwe mfuko, uvishe juu ya sponji na ufunge mdomo kwa uzi.

Sponji hutunza hewa tulivu kuzunguka maikrofoni, na manyoya huvunja nguvu ya upepo. Kabla ya kushona, weka kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi isipopita kabisa, sauti ya mtoto nayo itafifia. Ndiyo maana mfuko wa nailoni haufai.

Kama unatumia simu pekee, upe upepo mgongo ili mwili wako uikinge, na umsogelee mtoto hadi kama mita moja. Ukuta au gari pia husaidia. Rekodi sekunde 10 za majaribio, usikilize, ndipo uendelee.

Jambo la usalama lisisahaulike. Baadhi ya maikrofoni hizi hutumia betri ndogo za duara kama za saa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukihisi ameimeza, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na usimtapishe. Mabaki ya sponji na manyoya nayo yatupwe, kwani mtoto mdogo anaweza kupaliwa nayo.

Na ikiwa video ina sauti safi lakini bibi bado hasikii, au kila siku anaongeza sauti ya redio, apelekwe kupimwa masikio. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba, ambayo mhudumu wa afya anaweza kuiondoa. Asijichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala pamba, kwani huisukuma nta ndani zaidi na huweza kuumiza ngoma ya sikio.