Saa za Tiketi Zifunzwe Darasani

Ni nadra siku hizi kukipata kijiji cha Kisii au Nyamira kisichokuwa na mtu wake Marekani. Wagusii ni wengi mno huko Minnesota, hata jimbo hilo hutajwa nyumbani kana kwamba ni kata ya jirani. Hata hivyo, Nairobi na Minneapolis zimetengana kwa kilomita zipatazo 13,000. La kusikitisha ni kwamba wengi wa vijana wetu huianza safari hiyo kwa kukisia.

Nawakumbuka wazazi fulani waliouza ng'ombe na kuitisha harambee ili mwana wao apate nauli. Tiketi ilisema Jumatano, 00.40. Walimsindikiza hadi Nairobi Jumatano jioni, kumbe ndege ilikuwa imekwisha kuruka usiku uliotangulia! Kwetu sisi, saa sita na dakika arubaini ni usiku wa Jumanne ungali unaendelea. Kwa tiketi, Jumatano imeingia. Nauli ikapotea, na kijana alikuwa na cheti kizuri cha kidato cha nne.

Je, walimu wenzangu, lawama hii ni ya nani?

Mtasema kwamba silabasi ni pana na muda ni mfupi. Nakubali. Lakini longitudo tunazifunza tayari. Kinachohitajika ni kubadili mifano tu. Tuchukue safari ya moja kwa moja ya kwenda New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways mnamo Oktoba 2018. Ndege ikiondoka Nairobi saa 5.25 za usiku na kutua saa 12.25 za asubuhi, mwanafunzi atajibu kwamba imesafiri saa 7. Sivyo. Saa za Kenya hufuata longitudo 45 Mashariki, na za New York hufuata 75 Magharibi. Jumla ni nyuzi 120. Zigawanye kwa 15, upate saa 8. Basi safari ni ya saa 15, ila wenzetu wanaposogeza saa zao mbele majira ya joto, tofauti hubaki 7. Kurudi huwa kwepesi zaidi, kwani pepo za juu angani huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Kisha mwanafunzi apewe tufe na uzi. Auvute uzi kutoka Nairobi hadi Minneapolis, naye ataona ukipita juu ya Sahara na Hispania, ukipanda kaskazini kupita Minneapolis yenyewe, ndipo ushuke. Ramani ya ukutani haimwonyeshi hayo.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Atakayeijua hesabu hii ataisoma tiketi ya kaka yake kabla ya ng'ombe kuuzwa, na huenda akaiokoa harambee ya kijiji kizima.